Jinsi ya Kukaa Kimaskini

Maweni, Malindi
Jumapili, 15 Septemba 1985

Kwa kaka yangu mpendwa Garama,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu pokea na radhi zangu, kwa sababu nimekaa kimya tangu mvua zilipoanza mpaka zikakatika. Barua yako ya kwanza niliipata, na ya pili niliipata, na hii ya juzi yenye maneno makali nayo imefika. Bi Shekha, ambaye barua zangu hupitia sanduku la mumewe, aliitazama bahasha tu akasema huyu aliyeandika alikuwa amebana meno. Nikamwambia ni kakangu, ndivyo anavyoandika akinipenda.

Je, hujambo huko Mombasa? Wifi Zipporah hajambo? Yule mtoto aliyekuwa na kikohozi amepona, au bado mnampa zile dawa za rangirangi? Mama nilimwona Vitengeni mwezi uliopita. Mahindi yake yameshika kidogo mwaka huu, si kama mwaka jana tulipokula yale ya njano ya msaada, na anauliza kama bado unavaa ile kofia. Sisi huku hatujambo. Hivyo ndivyo mtu anavyoandika barua. Ukiisoma yote mpaka chini utaona hiyo hatujambo imetoboka wapi.

Sasa nije kwenye hayo uliyoandika. Umesema umesikia kwa Laban kwamba nilipewa bahati nikaitemea mate, kwamba niliwafundisha watoto kuwadhihaki wageni, na kwamba ninawalaza wanangu na njaa kwa sababu ya kiburi. Umesema pia Laban alikuandikia kwa masikitiko. Kaka, Laban tumekua naye. Ni yule yule aliyekuwa akianza kulia kabla hajapigwa, ili mwenzake ndiye apigwe. Sasa amekuwa katibu wa Chama cha Marafiki wa Mtoto, mfuko wa shati lake umejaa kalamu kama anayeziuza, na masikitiko yake bado ni yale ya utotoni. Wewe umemsikia yeye kwanza. Nisikie na mimi.

Unajua Jedida yuko darasa la nane, kundi la kwanza la huu mtihani mpya. Serikali imetaka kila shule iwe na karakana, watoto wafundishwe kuranda mbao, na karakana imeambiwa ijengwe na wazazi. Mimi sikuchanga. Si kwamba nilikataa. Kazi yangu ni ile ile ya kushona makuti ya kuezekea hoteli, na hoteli hulipa zinapokumbuka. Kenga babake Jedida yuko Voi kwenye mkonge, au hayuko Voi, maana aliyemwona mwisho anasema hivi na aliyemwona kabla yake anasema vile, na mimi nimeacha kuuliza. Basi Jedida akarudishwa nyumbani na mfuko wake wa vitabu, mtihani ukiwa Novemba, akawa anakaa uani ananishikia fito na midomo inasoma historia peke yake.

Hapo ndipo Laban alipokuja. Aliingia bila hodi, akasimama juu ya makuti yangu na viatu vyake, akaniambia nimebahatika. Wageni wa chama watatembelea nyumba chache za Maweni siku ya Jumamosi, na mtoto watakayemchagua atasomeshwa mpaka mwisho. Nikamwambia namshukuru, na kama angeweza kushuka kwenye makuti ningemshukuru zaidi.

Halafu akanipa masharti. Pazia la mlangoni litolewe, kwa kuwa lina maua. Kuku wapelekwe kwa jirani. Picha yangu na Kenga ya siku ya harusi ishushwe ukutani, kwa kuwa nimevaa viatu. Watoto wasipakwe mafuta. Nilimuuliza mtoto asiyepakwa mafuta ni mtoto wa nani. Akasema mafuta yanang'aa kwenye picha, na mtu wa Ulaya akiona mng'ao anajua mtoto ameshiba. Mimi mwenyewe nikae mlangoni nimeshika tama. Unakumbuka mama alivyokuwa akitupiga mikono tukishika tama, akisema tunawaitia watu msiba. Laban alipigwa mikono ile ile, katika uwa ule ule. Leo anafundisha watu kushika tama, na ndiyo kazi anayolipwa.

Nilikubali. Umeandika neno kiburi, basi na hili nakuandikia waziwazi, nilikubali yote. Pazia nilitoa, kuku nilipeleka kwa Bi Shekha, picha nikaigeuza uso ukutani. Nilikuwa ninamtaka Jedida darasani, na kwa hilo ningeshika tama mpaka shavu liingie ndani.

Jumamosi asubuhi nikawaita watoto. Nilikuwa nimechoka, nina kuti la hoteli nusu mapajani, nikawaambia tu kwamba leo wakija wageni mkae kimaskini. Kazungu ana miaka saba na maswali ya mzee wa baraza. Akaniuliza kukaa kimaskini ndiyo kukaa vipi, tukae kama nani. Ningemwambia mkae kama sisi? Nilitafuta neno la kwetu nikasema, mkae kama wakiya.

Kama wifi Zipporah anasoma pamoja nawe, mweleze kwamba kwa Kigiriama mukiya ni maskini, lakini si maskini wa kukosa unga. Ni mtu asiye na watu. Mwenye zizi la ng'ombe akikosa wa kumsalimia asubuhi, huyo kwetu ni mukiya, na ng'ombe wake hawamsaidii.

Basi watoto wakatazamana. Hannah, huyu mdogo, akaanza kucheka, Jedida akamfinya, kisha akaniambia sawa mama, huo tunaujua. Nilifurahi kwamba nina mtoto mwelevu, nikarudi kwenye kuti langu. Sikujiuliza huo ni upi.

Laban aliwatangulia wageni. Akawakagua watoto kama anayenunua mbuzi. Aliona miguu ya Hannah imenona, basi akachota majivu kwenye jiko langu, akayapaka kuanzia magoti kushuka chini. Mtoto alisimama kimya akamnyooshea na mguu wa pili, akidhani anapakwa dawa.

Wageni nao wakafika, na gari lao jeupe likazima mbele ya choo. Alikuwapo mama mmoja wa kofia ya ukili, ndiye mkubwa wao. Alikuwapo mzee aliyeungua jua mpaka pua inabambuka. Alikuwapo kijana wa ndevu aliyejifunga kikoi kifuani, kama mtu anayetoka kuoga akakuta nyumba imejaa wakwe. Yule mama alinishika mkono akakataa kuuachia, ananitazama kwa huruma, nami mkono wa pili nimeshika tama. Tukawa msiba kamili, ila maiti hayupo.

Aliuliza watoto wanalala wapi, na mkeka umekunjwa mbele ya macho yake. Aliuliza baba yao yuko wapi, Laban akajibu amekufa. Nilimwangalia Laban, naye akanikonyeza. Hivyo ndivyo nilivyofanywa mjane kwa Kiingereza. Aliuliza watoto wanacheza na nini, Laban akasema hawachezi. Kazungu alikuwa ameficha gari lake la kopo nyuma ya mgongo, na Kiingereza hicho kidogo alikielewa. Alimtazama Laban kama mtu aliyesikia ametangazwa kufa yeye.

Kisha Laban akawapungia mkono watoto, kuwaonyesha sasa wakae kile kikao chao.

Waliinuka wote watatu, na kila mmoja akaenda upande wake. Kazungu alitembea kutoka mnazi hadi ukuta, ametoa kifua, mikono inaning'inia, macho juu, anampita dadake bila kumwamkia, anageuka, anarudi. Jedida alijilaza chali katikati ya uwa penye jua kali, ilhali kivuli kipo hatua chache tu, akafumba macho. Baada ya muda akajigeuza kifudifudi, taratibu, kama samaki anayegeuzwa juu ya makaa. Hannah alikalia beseni, akaweka vidole kama ameshika kisu na uma, akawa anakata hewa anaitia mdomoni, anaifuta midomo kwa kitambaa kisichokuwapo, peke yake, hamkaribishi mtu. Kazungu alipofika kwenye beseni akamwambia chao. Hannah akajibu chao bila kuinua uso. Akaendelea kula.

Nilipoona hivyo tama ikaniponyoka. Nilikuwa ninawatambua watu hawa, na hata hiyo chao ni salamu yao ya Kitaliano. Watoto hunisaidia kupeleka makuti hotelini, na njia ni ile ya nyuma, ya ufukweni, kwa hiyo kila asubuhi huwaona wale waliolipa pesa waje kulala mchangani bila mke, bila mtoto, bila hata rafiki wa kuwapaka mafuta mgongoni. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaona nikasema maskini, hana hata mtu. Wanangu waliambiwa waigize mukiya, wakamtafuta mukiya wa kweli wanayemjua.

Mama wa kofia akauliza hii ni nini. Laban hakukawia. Akasema ni ngoma ya jadi ya watu wetu, huchezwa wakati wa njaa, kumwomba Mungu mvua.

Wakapiga makofi, kaka. Wakatoa kamera zao. Mzee wa pua aliomba Jedida ajigeuze tena. Na yule kijana wa ndevu, furaha ikamzidi, akaingia katika ngoma. Akafuatana na Kazungu kutoka mnazi hadi ukuta, ametoa kifua, mikono inaning'inia, hasalimii mtu. Bi Shekha alikuwa ukutani na kuku wangu kwapani, buibui amelitia mdomoni asisikike. Baadaye aliniambia wallahi yule wa ndevu ndiye aliyeipatia kuliko wote, na hata hakufundishwa.

Lingeishia hapo tungekuwa salama. Lakini mama wa kofia alimwinamia Jedida akamuuliza kama ngoma hii amefundishwa na bibi yake. Kiingereza cha Jedida ni cha darasani, hakina mapambo. Akasimama, akaweka mikono nyuma kama anavyomjibu mwalimu, akasema hii si ngoma ya mvua. Ni mchezo wa mtu asiye na watu. Mama akauliza ni mtu gani huyo. Jedida akamwambia, ni nyinyi.

Hakusema kwa ujeuri. Aliulizwa, akajibu. Mzee wa pua hakusikia vizuri, akainamia wenzake wakamweleza, naye akabaki anatazama vidole vyake vya miguu. Yeye peke yake nilimwonea huruma. Wengine walikumbuka ghafla kwamba jua limekuwa kali, wakaingia garini. Laban alikimbia pembeni mwa gari akitafsiri mpaka lilipomwacha.

Alirudi jioni kunitukana. Kwamba nimewaaibisha Wagiriama wote. Kwamba nilipaswa kuwafundisha watoto kulia tu, jambo dogo kama hilo. Nikamwambia kulia hawahitaji kufundishwa, waliingia duniani wakijua, na kama chama kinataka kilio basi yeye angelia, maana ndicho alichokuwa bingwa wake.

Sasa sikiliza sehemu ambayo Laban hakukuandikia. Wageni walitusamehe. Baada ya wiki chache alikuja tena, uso umelainika, akasema wamemchagua Hannah. Nilidhani amekosea jina. Hannah ana miaka minne, shule yake bado ni beseni na mchanga. Nikauliza, na Jedida? Akasema Jedida walimjadili sana, wakaona anaonekana anajiweza. Hivyo hivyo alivyotamka. Mtoto anayejua kusimama wima haonekani kuanguka, basi wa nini kumshika. Hannah je, wamempendea nini? Akasema miguu. Ile picha ya miguu imewaliza watu huko kwao.

Ile miguu iliyopakwa majivu ya jiko langu.

Laban alidhani nimekubali. Akaketi, akanieleza kwa upole kwamba pesa zikija kwa jina la Hannah hakuna atakayejua nikizitumia kwa Jedida. Kazi yangu itakuwa ndogo. Kila msimu atapigwa picha, apelekewe yule mfadhili wake. Ila asinenepe sana, mfadhili asije akaona kazi imekwisha. Na asikonde sana, mfadhili asije akauliza pesa zinaliwa na nani. Awe katikati. Akasema atanionyesha namna, wazazi wengine wote wamejua.

Nikamwuliza mwanawe yuko wapi. Akasema yuko bweni, Kilifi. Nikamwambia basi likizo akija ampake yeye majivu, jiko langu liko wazi, achote atakavyo, hata bakuli nitampa. Akainuka. Hicho ndicho kiburi ulichoandikiwa. Kama ni hicho, kaka, ninacho, na sina pa kukirudisha.

Kuhusu shule, jambo hilo nililimaliza kwa mikono yangu. Nilijitwika makuti nikayatua mbele ya kamati. Mwenyekiti wao alicheka, akasema serikali inataka mabati. Nikamwuliza mabati yako wapi. Kuta za karakana zilikuwa zimesimama bila kichwa tangu Pasaka, mbuzi wanalala ndani. Nikawaambia mimi nitaezeka upande mzima kwa makuti yangu, Jedida aingie darasani kesho, na wizara ikileta mabati mtashusha makuti mkayatia moto. Walinong'ona sana, wanaume wazima na suti zao za Jumapili, kisha wakakubali kwa sauti ya watu wanaonisaidia. Nikashukuru kwa sauti ya mtu anayesaidiwa. Jedida akarudi darasani. Makuti ninashona ya hoteli asubuhi na ya shule jioni, na watoto wananitafutia makuti yaliyoanguka yenyewe.

Nilijiona nimeshinda. Nilitaka kukuandikia hapo, kwa maringo, nikutumie barua fupi tu ya kukunyamazisha. Lakini Jumanne iliyopita lilitokea jambo, na hilo ndilo limenifanya niandike barua hii badala ya ile.

Jumanne mwalimu wa hesabu alikuja na Jedida amemshika mkono. Mtoto alikuwa ameanguka ubaoni, chaki mkononi, katikati ya hesabu. Walimmwagia maji akaamka akaomba amalizie. Mwalimu, kijana mzuri, aliniambia nijivunie sana huyu msichana, maana ni hodari, umaskini haumtishi, tangu amfundishe hajawahi kumsikia akisema ana njaa. Alisema kwa furaha, kana kwamba ananiletea zawadi. Kaka, nilimshukuru na nikampa maji ya kunywa, na muda wote nilikuwa ninatamani kumpiga kofi. Mtoto ameanguka kwa njaa mbele yake, naye anausifu ukimya wake.

Nilimlaza Jedida nikamwuliza asubuhi alikula nini. Akasema alishiba. Nikamwuliza jana usiku. Alishiba. Nikageukia wale wadogo. Hannah akatazama chini. Kazungu alijaribu kunyamaza, lakini Kazungu hana chombo cha kuhifadhia neno. Akaniambia Jedida humgawia Hannah fungu lake, na yeye Kazungu humgawia siku ambazo zamu ni yake, na hakuna anayeruhusiwa kusema ana njaa, kwa sababu anayesema wa kwanza ndiye mukiya.

Ndipo nikaujua ule mchezo. Wameucheza tangu mwaka jana, wakati wa yale mahindi ya njano. Anayetamka neno njaa, au ndzala kwa Kigiriama, hata akiwa usingizini, anakuwa mukiya mpaka chakula kingine kitakapopakuliwa. Hasemeshwi. Anatembea peke yake kutoka mnazi hadi ukuta, anajilaza juani, anakula hewa, anasema chao. Wenzake wanamcheka mpaka naye anacheka, na kicheko kikiisha njaa nayo inakuwa imesogea kidogo. Jedida ndiye aliyeutunga. Siku ya wageni hawakukosea neno langu. Niliwaambia wawe wakiya, wakacheza mchezo wao wa siku zote, mbele ya kamera, na mimi mama yao nilikaa mlangoni nimeshika tama nikidhani wanangu hawajui kuwa ni maskini.

Walijua. Walijua kabla ya Laban na pazia lake. Mimi ndiye niliyekuwa ninafichwa.

Nikawauliza nani hushinda. Nilitaka kucheka nao tu, nisilie. Kazungu akanishangaa. Akasema wewe, mama. Wewe hujawahi kuwa mukiya hata siku moja. Sisi wote tumeshashindwa, hata Jedida, lakini wewe hatujakusikia ukisema, tunakungoja tu.

Kaka Garama, nilishona kuti huku nikiyarudia maneno hayo mpaka jua lilipopoa. Nilijiona mjinga. Ninamcheka Laban anayewafundisha watu kukonda kwa kiasi, na nyumbani kwangu mna shule ya namna hiyo hiyo, mimi ndiye mwalimu mkuu, wala sikujua kama nina wanafunzi. Mtoto hasemi kwa sababu mama hasemi. Anasifiwa hodari, anaanguka ubaoni.

Basi nikaweka kuti chini. Nikasimama katikati ya uwa, nikasema, jamani, nina njaa.

Hannah akapiga yowe la furaha kama mtu aliyeona harusi. Wakaniamuru niende. Nikatembea kutoka mnazi hadi ukuta, nimetoa kifua, mikono inaning'inia, simsalimu mtu. Bi Shekha alichungulia akaniuliza kama nimepandwa na pepo, nikampita bila kumjibu, kama sheria inavyotaka. Nikajilaza chali uani na leso yangu, nikajigeuza taratibu. Kazungu akanisahihisha mikono. Jedida alitoka ndani akiegemea mlango, bado macho yamemlegea, na alipoona akacheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikageuka kilio, nikamwacha alie. Hakuwa amelia mbele yangu tangu babake alipoondoka.

Nilipoinuka niliwatolea sheria mpya, na hii sikuwaomba maoni. Katika nyumba hii anayesema ana njaa wa kwanza ndiye atakayepakuliwa wa kwanza. Kama sufuria haina kitu, tutajua wote kuwa haina kitu, na mimi ndiye nitakayetoka kutafuta, si Jedida. Mchezo wa mukiya wauchezee mambo mengine, wakipenda. Kazungu ametumia sheria hii mara nyingi tangu Jumanne kuliko nilivyotarajia, na mara nyingine ninadhani ananiibia, lakini nampakulia. Jedida bado neno halimtoki upesi. Jana alisema kwa sauti ndogo, amenipa mgongo, akijifanya anatafuta rula. Nikampa kiazi cha moto bila kumtazama.

Kwa hiyo usiniandikie tena habari za Laban, wala usinitumie kitu kwa mkono wake. Yeye ataendelea na kalamu zake. Wewe ni kaka yangu, na mtu mwenye kaka si mukiya, ila kaka mwenyewe ajue kwamba ana dada.

Nisalimie sana wifi Zipporah, mwambie ile leso aliyonipa ndiyo niliyolalia uani, imepata vumbi la heshima. Wasalimie watoto wenu wote, na yule wa kikohozi mpe busu langu. Bi Shekha anakusalimu bila kukujua. Jedida anasema umwombee mtihani. Kenga ukimsikia popote, mwambie yu hai kwa Kigiriama, ila kwa Kiingereza alishakufa.

Sasa vitu. Niliwauliza watoto mmoja mmoja kila mtu aseme wazi anachokitaka, na wakisha wao nikasema na mimi. Naviandika kama vilivyosemwa, usipunguze kwa kudhani nimezidisha:

Unga mweupe wa mahindi, gunia dogo. Si ule wa njano, hata ukipewa bure.

Maharagwe, kiasi cha kutufikisha mtihani. Haya aliyasema Jedida, baada ya kubembelezwa.

Papa mkavu kipande kikubwa, wa Kazungu. Amesema uchague chenye mafuta.

Boflo moja laini ya mkate kwa Hannah. Najua itafika imekauka. Yeye anajua pia, na ameitaka hivyo hivyo.

Mafuta ya nazi chupa moja, ya kupaka, ya miguu.

Kopo la kimbo ya kupikia, lililojaa. Kopo tupu Kazungu analo.

Kisanduku cha vyombo vya hesabu, chenye bikari, na kalamu mbili za wino wa buluu.

Dawa ya minyoo kwa watoto watatu, na uandikiwe na mwenye duka kila mmoja anywe kiasi gani.

Sindano nene ya kushonea makuti. Yangu imevunjika ncha, ninatumia mwiba.

Sukari, ya kwangu. Nina hamu ya chai yenye sukari.

Ni mimi dadako,
Mapenzi